Kondoo Mwenye Miwani

Nimefanya kazi na walevi, na mwizi wa mafuta ya jenereta, na mkubwa mmoja aliyekuwa akilala mezani mpaka mate yake yanalowesha barua za wananchi. Wote hao nimewasamehe, na yule wa mafuta nilimpikia mwenyewe chakula cha kumuaga alipostaafu. Bwana ninayetaka kueleza habari zake hapa hakuwa mlevi wala mwizi, na kazini hakulala hata dakika moja. Alifika kabla yetu sote, akafungua madirisha, akapanguza meza yake na ya jirani yake. Sijawahi kumdharau binadamu mwingine kama ninavyomdharau huyo.

Ofisi yetu ilikuwa hapa Kakamega mjini, ofisi ya serikali yenye mafaili mengi kuliko watu. Chumba cha masjala tulikuwa watatu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri, nimebakiza miaka michache nistaafu, na kila mtu aliniita Mama. Wa pili alikuwa mpiga chapa, binti wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, aliyeolewa Kabras katika boma la wakulima wa miwa. Wa tatu ni huyo bwana, karani mwenzetu, tuliyemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kwaya kanisani kwake. Alikuwa na mke, watoto watatu, mama mzazi aliye hai, na gari dogo la kijivu alilolitunza kama yai. Ukimtuma faili alikuletea kwa mikono miwili.

Mume wa yule binti alikuwa fundi wa matrekta. Alianza kuvimba miguu, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Figo. Mwaka haukuisha akafariki. Ofisi ikafanya kama ofisi zinavyofanya: tukachangishana, tukaandika barua ya rambirambi, na siku ya mazishi Mwalimu akajitolea kunipeleka kwa gari lake. Njia nzima kati ya mashamba ya miwa aliimba nyimbo za maombolezo kwa sauti ya chini, akijizoeza. Tulipofika alinitafutia kiti chenye mgongo, akaketi kushoto kwangu. Waimbaji wa nyumbani waliposhindwa kwa kilio, ni yeye aliyesimama akaubeba wimbo mpaka mwisho. Watu waliuliza ni nani huyo mtu mwema. Nikajibu kwa kujivuna: "Huyo ni wetu, wa ofisini."

Sasa lazima nieleze kuhusu Kondoo.

Wenyeji wa huku tuna kikundi chetu cha mtandaoni. Mtu akipoteza ng'ombe anaandika humo, akipata nyumba ya kupangisha anaandika humo, akifiwa anaandika humo. Ndani yake kulikuwa na akaunti moja isiyo na mwenyewe, yenye picha ya kondoo aliyevaa miwani. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuumiza watu kwa ucheshi. Aliandika vizuri, siwezi kumnyima hilo. Sentensi zake zilikuwa fupi, na mwiba alikuwa akiuweka mwishoni. Kuna mama mmoja muuza mboga aliyetangaza kwamba anauza mrenda na saga kwa "bei laisi." Kondoo akalichukua lile tangazo, akaligeuza somo la Kiswahili, akampa mama yule alama sifuri na kumwambia arudi na mzazi. Nusu yetu huku tunasema "laisi" vilevile, lakini tulicheka. Nilicheka mimi, chai mkononi, nikampitishia binti simu naye akacheka. Mama yule alifuta tangazo lake na hatukumwona tena humo. Sikujiuliza alikwenda wapi.

Jumatatu baada ya mazishi, Kondoo akaweka picha. Ilikuwa ya binti yetu kando ya kaburi la mumewe, mikono juu, anafunga upya kitambaa chake cha kichwa kilichokuwa kimelegea. Chini yake maneno haya: "Mjane anajipamba. Nafasi ya mrithi iko wazi. Maombi yaletwe baada ya chakula."

Kufikia saa nne watu walikuwa wanaangua kicheko humo kama wako kwenye harusi. Walikuwapo watu ninaowajua, wenye wake na mama zao. Mmoja alikuwa shemasi. Mmoja alikuwa amekula mazishini, nilimwona kwa macho yangu akirudia nyama.

Siku iliyofuata Kondoo akaandika tena: "Tuulizane kwa upole tu. Marehemu alikula nini mara ya mwisho, na nani alipika?"

Hapo mzaha ukawa sumu. Mtu alikuwa amekufa kwa ugonjwa unaojulikana, wenye kadi ya hospitali na dawa dirishani, na sasa watu wazima wakaanza kuulizana kwa upole. Aliyejitokeza kumtetea mjane alikuwa Mwalimu, kwa jina lake kamili na picha yake akiwa amevaa tai. Aliandika: "Ndugu zangu, tumwogope Mungu. Huyu ni dada yetu, bado ana machozi." Akapongezwa sana. Akaniletea simu mezani nisome.

"Mama, watu wamekuwa wanyama," akasema.

"Wamekuwa," nikamjibu. "Mungu akubariki, Mwalimu."

Binti aliporudi kazini, ni Mwalimu aliyemvutia kiti. Alimnunulia maandazi. Siku alipoangua kilio katikati ya kuchapa barua, ni kitambaa cha Mwalimu alichofutia machozi, na Mwalimu alisimama kando yake, kichwa kimeinama, akisema, "Lia tu, dada. Lia. Hao watu hawana roho." Nimeirudia picha hiyo mara nyingi. Alikuwa amesimama karibu sana naye. Nilidhani ni huruma. Kumbe mpishi alikuwa anaonja chungu chake.

Wiki mbili zikapita, na binti akawa anakonda. Saa ya chakula cha mchana nikamvuta nje, tukaketi kwenye ngazi za nyuma, nikamuuliza nyumbani kukoje.

"Mama, sijui niseme aje," akaanza. "Juzi nilipika obusuma na kuku. Ile ingokho mama mkwe mwenyewe ndiye alichinja. Nikapeleka kwake ugali ukiwa bado moto. Sufuria ikarudi vile ilienda."

"Labda hakusikia njaa."

"Shemeji zangu pia hawakusikia njaa? Walikaa tu wakiangalia. Wa kwanza akasema ameshiba, wa pili akasema meno yanamuuma. Watoto wangu pekee ndio walikula. Jana hata watoto waliitwa kwa shangazi yao wakakulie huko."

Mama mkwe wake hakujua kusoma. Walimsomea. Vijana wa boma walikaa naye chini, simu mkononi, wakamsomea neno kwa neno kile alichoandika Kondoo, na yule mama ambaye alimwosha mwanawe kitandani na kumsikia daktari kwa masikio yake akaanza kukitazama chakula cha mkazamwana wake kwa jicho la pili.

"Mimi nilikuwanga nampenda yule mama," binti akasema. "Ndiye alinifundisha kupika mrenda."

Nilirudi mezani nikiwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Nikaifungua ile picha, nikaivuta kwa vidole ikawa kubwa, nikatazama mikono ya binti, kitambaa, udongo mwekundu, mashada ya maua. Nikaendelea kuivuta mpaka pembeni. Chini, upande wa kulia, kulikuwa na kipande cha kitenge cha zambarau chenye maua ya njano, na juu yake mpini wa mkoba ulioshonwa kwa uzi wa buluu.

Kitenge kilikuwa changu, na mkoba ulikuwa wangu. Ule uzi niliushona kwa mkono asubuhi ya mazishi kwa sababu mpini ulikatika nikiwa mlangoni.

Nilihesabu viti akilini. Aliyepiga picha ile hakuwa nyuma yangu, maana angeupata mgongo wangu. Hakuwa mbele. Alikuwa kushoto, amekaa, simu imelala pajani kama kitabu cha nyimbo. Kushoto kwangu aliketi mtu mmoja tu. Niliinua macho. Mwalimu alikuwa mezani kwake, anapanga faili kwa tarehe, anavuma wimbo.

Hata hivyo nilitaka uhakika. Mtu hasemi jambo kama hilo kwa sababu ya kitenge. Asubuhi iliyofuata, tukiwa wawili tu chumbani, nilimnong'oneza Mwalimu jambo ambalo halikuwepo duniani. "Usimwambie mtu," nikamwambia, "lakini huyu binti ameanza kujifunza kuendesha pikipiki. Anaona haya kusema."

"Lo! Maskini," akasema. "Tumwombee asianguke."

Kabla ya chakula cha mchana Kondoo alikuwa ameandika: "Waendesha boda, jihadharini, mjane wetu anajifunza pikipiki. Abiria wake wa kwanza tunajua alikoenda."

Niliisoma nikiwa msalani, mlango nimeufunga kwa komeo. Nikasikia kitu nisichopenda kukikiri. Nilikuwa nimefurahi, kwa kuwa nilikuwa nimemnasa.

Nilimweleza binti jioni ile ile, saa kumi na moja, tukitembea kuelekea stendi. Nilimwonyesha picha, nikamwonyesha uzi wa buluu kwenye mkoba, nikamweleza habari ya pikipiki. Alisimama katikati ya njia. Wapita njia walituzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Kwa hivyo hiyo ya leo ilitoka kwako," akasema.

"Nilitaka kumnasa."

"Ungeniuliza, Mama. Ulinifanya chambo bila kuniuliza. Leo mama mkwe atasomewa hiyo pia."

Nilimwomba msamaha palepale barabarani. Aliupokea kwa kuinamisha kichwa, kisha akafuta uso kwa kiganja na kusema kwamba kesho atafika mapema.

Alifika na bahasha. Alikuwa amepita duka la saiba akachapisha kila kitu Kondoo alichoandika juu yake, kurasa sita, pamoja na ile picha. Mkubwa wetu mpya, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa ameitwa na binti mwenyewe na alisimama mlangoni. Mwalimu alikuwa ameshafungua madirisha.

Binti akamwekea kurasa mezani. "Mwalimu, nisomee."

Akazitazama. "Dada, mambo haya tena? Usijitese."

"Nisomee tu. Wewe una sauti nzuri."

"Lakini kwa nini mimi?"

Nikaja na mkoba wangu, nikauweka kando ya picha, uzi kwa uzi. Akatazama mkoba, akatazama picha, akavua miwani na kuanza kuifuta.

"Mama, picha kama hii mtu yeyote angepiga," akasema.

"Kutoka pajani mwako?"

Akaendelea kuifuta miwani.

"Na pikipiki je?" nikamuuliza. "Niliisema kwako peke yako. Binti hajawahi hata kushika usukani wa baiskeli."

Nilitegemea apige kelele, aape kwa watoto wake, atoke nje. Nilikuwa hata nimejiandaa kwa machozi. Alivaa miwani yake, akazinyoosha karatasi kwa kiganja, akasoma. Na alisoma vizuri! Alisoma kama anavyosoma somo la kwanza madhabahuni, mkato ukifika anapumzika, swali likifika anainua sauti. Alisoma habari za chakula cha mwisho cha marehemu kwa mjane wa marehemu bila kukwama. Akafika kwenye ukurasa wa ile picha. Aliposema "maombi yaletwe baada ya chakula," pembe ya mdomo wake ilipanda. Ilikuwa kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka utamu.

"Umecheka," binti akasema.

"Sijacheka, dada."

"Umecheka. Nilitaka kujua tu kama ulikuwa unacheka ukiandika. Sasa nimejua."

Mkubwa wetu mlangoni alishusha pumzi. Ndipo Mwalimu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo, kwa sababu alilisema kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyedhulumiwa:

"Lakini si nilikutetea pia? Angalieni, niko hapo kwa jina langu. Nilikutetea kuliko mtu yeyote."

Alitaka ashukuriwe! Alikuwa amewasha moto, akaleta ndoo ya maji watu wakiwa wanatazama, na sasa alishangaa kwamba tunauliza habari za kiberiti.

Watu wema wameniambia kwamba mtu wa namna hiyo ana kidonda ndani yake, kwamba lazima aliumizwa utotoni, kwamba tumhurumie. Nimekitafuta hicho kidonda. Nilikaa naye chumba kimoja miaka saba. Hakumchukia binti yule, hakumtaka kimapenzi, hakugombea naye cheo. Siku hiyo hiyo nilimuuliza, "Alikukosea nini?" Akafikiri kwa bidii, akajibu, "Hakunikosea." Alifanya kwa sababu ilimpa raha kumwona mtu akivuja machozi na kujua kwamba bomba amelishika yeye. Hakuna zaidi ya hapo. Ningekuta shimo refu ndani yake ningelitazama kwa hofu. Nilikuta kidimbwi cha maji machafu kisichofika kifundo cha mguu.

Mkubwa alitaka kupeleka mambo mbele. Binti akasema anataka jambo moja kwanza: Mwalimu aende Kabras, aketi mbele ya mama mkwe, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ni yeye aliyeandika na kwamba ni uongo. Mwalimu akakubali mbele yetu. Akapanga Jumamosi. Akasema atatupeleka kwa gari lake.

Jumamosi ilipofika simu yake ilikuwa imezimwa. Jumapili tukasikia aliko. Alikuwa amesimama kanisani kwake, kipaza sauti mkononi, akiungama. Jirani yangu anayesali huko alinisimulia huku bado macho yamemvimba kwa kulia. Mwalimu alisema shetani alimwingia kupitia simu. Hakusema aliandika nini wala juu ya nani. Alisema "udhaifu," akasema "kizazi hiki," akaanzisha wimbo. Kanisa zima lilimiminika mbele kumkumbatia. Jirani yangu akaniambia hajawahi kuona toba nzuri kama ile. Namwamini. Nilijua jinsi alivyokuwa hodari mbele ya watu. Wiki ile ile mashabiki walikuwa bado wanacheka mahali pamoja na waumini wanalia mahali pengine, na wote walikuwa wake.

Basi Kabras nikaenda mimi na binti, tukiwa na zile kurasa sita. Mama mkwe alitupokea nje ya jiko. "Mulembe," tukaamkiana. Shemeji wawili wakaja wakasimama na mikono mfukoni. Nikaeleza yote kuanzia mwanzo, pamoja na uongo wangu wa pikipiki, nikataja kazi ya mtu yule na kanisa lake na jinsi alivyotuimbia pale pale bomani kwao.

"Yule wa sauti?" mama mkwe akauliza. "Yule alishika mkono yangu?"

"Ndiye huyo, mama."

Aliutazama mkono wake. Kisha akawageukia wanawe. "Mimi sisomangi," akasema. "Ninyi mlinisomea. Mlienda shule mkajifunza kunisomea hiyo?"

Shemeji mmoja akasema, "Lakini mama, kila mtu alikuwa anasema."

"Kila mtu alimwosha kaka yenu?"

Akaingia jikoni, akarudi na kipande cha obusuma kilichobaki jana usiku, kikiwa kimepoa, kile alichopika binti. Akakimega mbele yao akala bila mboga. Shemeji hawakula. Walitazama upande wa miwa. Binti alikaa bomani mwezi mmoja zaidi, kisha akapanga nyumba Lurambi na watoto wake, kwa sababu alisema kula na mtu mmoja kati ya kumi si kula. Mama mkwe humtembelea, analala siku mbili, tatu. Shemeji hawajaomba msamaha. Mtandaoni vilevile hakuna aliyeomba. Akaunti ya Kondoo ilipofutwa, mtu mmoja aliandika kwamba kikundi kimekuwa baridi siku hizi, hakuna burudani, na wengi wakamuunga mkono. Nilitoka humo siku hiyo. Namkumbuka mama wa bei laisi, na najua kwamba mimi si mtu wa kumpigia mwingine kelele sana. Lakini kuna aliyecheka na kuna aliyepika.

Mwalimu aliomba uhamisho mwenyewe, akapewa, akaenda wilaya nyingine na barua safi. Mkubwa wetu alijaribu, karatasi zikazunguka meza nyingi, mwishowe zikalala. Alituaga kwa mikono miwili, kila mmoja. Binti hakumpa mkono wake.

Nilistaafu. Mwaka jana mama mmoja wa ofisi mpya ya Mwalimu alipata namba yangu akanipigia mchana. Walikuwa wanamchagua mwenyekiti wa kamati yao ya kusaidiana wakati wa misiba, na Mwalimu alikuwa ametajwa. Alitaka tu neno moja kutoka kwa mtu aliyefanya naye kazi. Nikavuta kiti nikamweleza yote, kaburi, picha, sufuria, kurasa sita, bila kuongeza wala kupunguza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Lakini Mama, hayo si yalikuwa ya mtandaoni tu?"

Nikakata simu.